Karafuu Maiti Huja Mwisho

Jumatano, baada ya alasiri

Machozi ya mjukuu wangu Salima yameniudhi. Nimerudi kutoka kuosha maiti ya jirani, namkuta analia mbele ya kompyuta, anasema anaacha chuo. Programu yake ya Java imekataa tena.

"Nisomee, inataka nini?"

"Jina, bibi, halafu umri."

"Na wewe umeipa nini?"

Akasoma tena alichoandika. "Umri, halafu jina."

"Mjinga wewe, mke mwenzangu! Nikiosha maiti nataka maji ya mkunazi kwanza, karafuu maiti mwisho. Ukinitangulizia karafuu maiti nitaipokea?"

Akatanguliza jina. Ikakubali. Kesho anarudi chuoni.

Sikumwambia kilichonitisha. Darasa la tatu nililia vilevile kwa hesabu moja. Hakuna aliyeniuliza nimekosea wapi, na shule sikurudi tena.