Mama, Usimpe Tena Simu Yako

Njombe

Mama yangu,

Shikamoo. Mguu umepata nafuu? Na mvua imefika hapo Old Korogwe, au bado mnaiona tu milimani? Mimi mwili mzima, baridi ya huku nimeizoea, na kazi ya kupanga parachichi kiwandani inaendelea. Moyo ndio haujatulia.

Nimeandika kwa karatasi nikampa binamu Salehe akukabidhi mkononi, maana simu yako siiamini tena. Siku ile mlipokutana Segera, baba Mwajuma alipokuja kumchukua mtoto ampeleke kwake Handeni, alikuambia simu yake imeisha chaji, akaazima yako ampigie bosi wake. Mama, hakumpigia bosi. Ndipo alipofuta zile sauti zote za vitisho alizokutumia. Kisha akaenda ustawi wa jamii akadai wewe unamnyima mwanawe, na mimi nimemtelekeza mtoto.

Ofisa wa ustawi alinipigia nikiwa kazini. "Mama Mwajuma, mzazi mwenzako analalamika. Wewe una ushahidi gani?"

Nilikaa juu ya kreti. Nilijua mtoto nimeshampoteza. Kumbe sauti moja uliwahi kunirushia, ile ya baada ya Idi. Nikamtumia. Yumo humo anasema, "Nitampeleka mahali ambako hata mkilia hamtamwona."

Ofisa alipopiga tena, alikuwa anaongea polepole. "Usiifute. Kuanzia sasa mtoto anakabidhiwa hapa ofisini, mbele yangu." Akamwita baba Mwajuma, naye akasaini makubaliano hayo.

Nashukuru, lakini bado naogopa. Juzi kaniandikia, "Tutaona hizo karatasi zenu zitawalinda mpaka lini." Sikumjibu, nimeutunza ujumbe. Namba nisiyoijua ikipiga, siipokei.

Kwa hiyo, mama, nakuomba. Salehe akuwekee namba ya siri kwenye simu. Mkikutana na baba Mwajuma, andika siku hiyohiyo ulichokiona na ulichokisikia, basi. Tunayomdhania tusiyaandike. Akipiga kelele usimjibu. Na huko ofisini usiende peke yako, nenda na mama mdogo.

Ila lile ulilosema, kwamba mtoto akirudi kutoka Handeni utamuuliza huku unamrekodi, tafadhali usifanye. Mimi nimeshakosea. Wiki iliyopita nilimuuliza kwenye simu: ulikula nini kwa baba, nani alikuwepo, alisema nini kuhusu mimi? Akauliza kwa sauti ya chini, "Mama, unaandika?"

Kalamu ilikuwa mkononi. Nikaiweka mezani nikamwambia, "Siandiki, mwanangu." Ndipo akaanza kunisimulia mbuzi wa huko aliyezaa mapacha, na mmoja ana sikio jeupe. Alicheka. Nilipokata simu nililia sana. Vitisho vyote vya baba yake havijanitia hofu kama swali lile.

Akitaka kusema mwenyewe, msikilize. Asipotaka, mwache acheze.

Nisalimie mjomba Athumani, fundi wetu wa baiskeli, na mama mdogo akija kutoka Mazinde. Majirani wote wape salamu, ila habari hizi zibaki kwetu. Mwajuma mwambie shule zikifungwa nakuja, na sitamuuliza kitu.

Ni mimi binti yako, anayekuwaza kutwa,
Zaina