Fungu Lako la Karafuu

Wete, Oktoba 1999

Mjukuu wangu Anselmi,

Misimu miwili hujakanyaga kwetu! Una miguu wewe, au magogo? Namtamkia maneno haya Moza, binti wa jirani, ayaandike, maana kalamu mimi siijui.

Wewe ulisema Yesu atakuja kwanza, ndipo atawale miaka elfu. Babu yako akasema miaka elfu ndiyo hii tuliyomo, ya Kanisa. Mkatupiana maneno hapa jamvini, tukichambua karafuu, ukaondoka. Moza acheka: "Nabii Isa na sisi Waislamu twamngoja, Bi Tekla, lakini hatufukuzani."

Babu yako kifua kimembana, mkarafuu hapandi tena. Lakini kila jioni agawa mafungu matatu: langu, lake na lako. Lako haligusi. Asubuhi nalichambua mimi lisivunde, naye ajifanya haoni. Daktari kanambia msimu ujao hatauona. Yeye hajui.

Nani kati yenu ana haki mimi sijui, na siulizi. Nakutaka wewe.

Ukija, usianze na Ufunuo. Vua viatu, kaa jamvini, chambua fungu lako mpaka aseme yeye.

Bibi yako akupendaye hata akikugombeza,
Tekla