Waya wa Papa

Lubumbashi, 4 Mei 2025

Kwako Yaya Bwalya, mkubwa wangu,

Jambo sana. Sisi tuko wazima. Mgongo wa Papa umepoa tangu mvua ikatike, na Mama anauliza kama huko Ufaransa unapata unga wa kusonga bukari. Wewe je? Na ile chip uliyochora, imerudi kutoka kiwandani?

Barua hii nimeiandika kwa mkono. Jirani yetu Mama Agnès ataipiga picha na kukutumia kwa simu yake.

Mwezi wa tisa naingia humanités, sekondari ya juu. Mimi nataka elektroniki, Papa anataka komersiale, masomo ya biashara. Nilipomkumbusha kwamba wewe unachora transista za simu, alisema ndizo zilizokuondoa nyumbani. Mwishowe alikubali hivi: nitengeneze kirusha sauti, nitaje jina lake nikiwa kwa Mama Chilufya, jirani wa parseli ya tatu kutoka kwetu. Akilisikia kwenye redio yake, atatia sahihi karatasi ya shule. Mwisho wa kujiandikisha ni tarehe 15 Agosti.

Transista niliitoa kwenye redio iliyokufa. Papa mwenyewe alinipa waya wa shaba aliouweka tangu siku zake za kuyeyusha shaba kwenye tanuru. Niliunga kila kitu kwa waya huo, mrefu, umenyooka vizuri. Lakini kirusha sauti kinapiga filimbi tu redioni.

Mdogo wako,
Numbi

Grenoble, 19 Mei 2025

Mpenzi Numbi,

Nimecheka kwa furaha, kisha nikamkumbuka Papa. Mimi mzima, na unga ninao.

Kosa ni huo waya. Kwa umeme wa betri, waya ni njia tu. Lakini mawimbi yako yanageuka mara milioni mia kwa sekunde, na hapo kila sentimita ya waya inaanza kuimba yenyewe. Kata, uwe mfupi. Transista na wenzake wakaribiane kama watu wanaoota moto wa mbabula kwenye baridi ya mwezi wa sita.

Chip inarudi juma lijalo. Nitakuandikia siku hiyohiyo.

Yaya wako,
Bwalya

Lubumbashi, 22 Juni 2025

Kwako Yaya,

Natumaini u mzima, kwa maana siku hiyohiyo imepita zamani.

Sijakata. Nilipomweleza Papa, alikuwa anausugua waya kwa majivu. Akasema, "Nilifanya myaka makumi mbili ku tanuru, na leo mutoto ananiambia waya yangu ya mukuba inazidi?" Tangu hapo haulizi tena habari za redio. Naogopa kukata kitu alichonipa.

Na wewe umenyamaza. Umekasirika?

Mdogo wako,
Numbi

Grenoble, 3 Agosti 2025

Numbi wangu,

Nisamehe. Sina ugonjwa wala hasira. Nina aibu.

Chip ilirudi. Inapiga filimbi. Kuna nyuzi za dhahabu, nyembamba kuliko unywele, zinazoiunga na kasha lake. Mmoja niliuacha mrefu, mimi niliyekuandikia wewe ukate. Kazi ya mwaka mzima imeharibika. Sijui kama watanipa nafasi ya pili.

Yaya wako,
Bwalya

Lubumbashi, 14 Agosti 2025

Kwako Yaya mpenzi,

Tunakusalimu sote, na leo salamu za Papa ni zake mwenyewe.

Nilimsomea barua yako. Akauliza huo uzi wa dhahabu ulizidi kiasi gani. Nikasema labda nusu milimita. Akaniomba nisome tena pale pa aibu. Kisha akasema polepole, "Kumbe ata yeye," akaingia ndani kuchukua koleo.

Alikata mwenyewe, Yaya. Mimi nilionyesha, yeye akakata, na baada ya kila kipande aliuliza, "Ingine?" mpaka filimbi ikaisha.

Nilikwenda kwa Mama Chilufya mbio. Nilikuwa nimeandaa hotuba, ila nilisema tu, "Papa Mwenya, ni mimi Numbi, unanisikia?" Niliporudi, redio ilikuwa bado kwenye magoti ya Papa. Karatasi ilikuwa mezani, na sahihi yake. Kesho asubuhi naipeleka shuleni.

Barua hii haiendi kwa picha. Delphine, binti wa Mama Chilufya, anapanda ndege ya huko Jumamosi, naye atakuletea pamoja na kipande cha waya kilichobaki. Papa ndiye aliyekiweka ndani ya bahasha. Alisema, "Muambie yaya yako akate, aanze tena. Na asinyamaze."

Mdogo wako,
Numbi