Rangi ya Shati la Baba

Kitale, 8 Juni 2025

Mama mpendwa,

Habari ya Bungoma? Kifua kimepoa? Mimi ni mzima, ila uji wa hapa shuleni bado unanuka moshi.

Mama, jambo hili siwezi kulisema mbele yako, utaninyamazisha kwa macho. Kwa kazi ya mtihani wa Sanaa ninachora vita vya mlimani. Wanaume waliokusanywa na wanajeshi wamelala kifudifudi uwanjani, kina mama, nawe ukiwemo, wako nje ya ua. Mmoja tu ameinua kichwa. Ni Baba. Picha zetu ziliungua na nyumba, nami nilikuwa bado tumboni. Alikuwa na uso gani? Alivaa nini siku ile alipochukuliwa?

Mwanao,
Roselyne

Bungoma, 15 Juni 2025

Rosi wangu,

Kifua ni vumbi la soko tu. Wewe, unakula?

Hiyo picha achana nayo. Chora ng'ombe. Chora hata huyo mwalimu wako. Si unajua babu yako alitaka tuzike mgomba mahali pa baba yako, ati boma litulie? Nilimwambia Jairus si mgomba. Sasa wewe unataka kumlaza na maiti, watu wapite wakisema pole. Walipomchukua alinipazia sauti, "Nenda Bungoma, nitakukuta!" Ndiyo maana sihami chumba hiki, hata shangazi yako akinitafutia kizuri Kibabii. Akija, atatuulizia wapi?

Mama yako

Kitale, 29 Juni 2025

Mama,

Salamu kwako na kwa majirani. Nimejaribu kuacha. Mwalimu Matthew anasema kazi ya mtihani ikishaanza haibadilishwi, lazima iishe kabla ya shule kufungwa. Nimekwama. Nikimchora, unasema namzika. Nikimfuta, hakuna tena anayeangalia upande wako.

Wewe husema nimefanana naye. Nimeazima kioo cha Chepkosgei wa bweni letu, nikachora uso wangu nikaupa ndevu. Akacheka, "Ala! Rosi, umekuwa babako!" Halafu akaona nalia, akaniachia kioo. Shati nimeliacha jeupe. Sijui rangi yake.

Njoo siku ya wazazi, tafadhali.

Mwanao,
Roselyne

Kitale, 20 Julai 2025

Mama,

U mzima kweli? Hujajibu. Siku ya wazazi nilikungoja langoni mpaka viti vikakusanywa. Picha zetu zilitundikwa ukumbini, hata zisizoisha. Kama umekasirika, niambie tu umekasirika.

Mwanao

Bungoma, 24 Julai 2025

Rosi,

Mimi ni mzima. Nilikuja mapema, kabla hujafika langoni. Nikapitia ukumbini, nikasimama mbele ya picha yako. Mama mmoja kando yangu akauliza, "Huyu naye anamwangalia nani?" Nikatoka kwa mlango wa nyuma, nikarudi Bungoma bila kukusalimia. Nisamehe, mwanangu.

Ndevu hakuwa nazo, zitoe. Masikio ongeza, yalikuwa makubwa kuliko yako. Shati lilikuwa la samawati. Nilikuwa nimelifua asubuhi hiyo, akalitoa kwa kamba likiwa bado bichi, nikamgombeza. Kwa hivyo mabegani liweke rangi nzito, vile nguo huwa kabla haijakauka.

Kichwa kiache hivyo hivyo juu. Macho usiyafumbe.

Shule ikifungwa usiende Kibabii, nimemwambia shangazi yako chumba kile alichonitafutia akipe mtu mwingine. Njoo Bungoma. Niko hapa hapa.

Mama yako