Karatasi ya Kufungia Misumari

4 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Hujambo huko? Mgongo umepona, au bado cherehani inakukunja? Mimi mzima. Kula nakula, usingizi ndio umenikimbia.

Kwa kuwa simu uliitupa ili yule mumeo Nyundo asikufuate, nakuandikia habari ambayo huenda redio imekupa nusu tu. Ofisi yetu ya usajili imepoteza kumbukumbu za watu elfu arobaini: majina, picha, mitaa, namba za nyumba. Serikali inasema zimepotea. Zingepotea kweli tungelala. Zimeokotwa. Juzi mzee mmoja aliyewahi kutoa ushahidi dhidi ya majambazi walimfuata mpaka sebuleni kwake, wakamng'oa meno kwa koleo mbele ya wajukuu, wakamwambia sasa kashuhudie tena.

Jana watu walivunja madirisha yetu yote kwa mawe. Karani mwenzangu amepasuliwa paji la uso, nyuzi tisa. Sasa tunahudumia wananchi tukiwa chini ya meza. Bosi anasema huduma haijasimama, na kweli, imechuchumaa.

Nakuomba jambo moja na usiniulize sababu. Hama hapo. Nenda kwa shoga yako muuza vitambaa ukae hata mwezi. Nyundo amefunga karakana yake ya kuchomea vyuma tangu Jumatatu, na hakuna anayejua alikokwenda.

Mdogo wako,
Wino

29 Machi

Wino, mdogo wangu,

Marahaba. Unaendeleaje na hayo mawe yenu? Usiucheke mwandiko huu wa darasa la kwanza, naandika kwa mkono wa kushoto. Barua yako niliipata tarehe tisa. Nyundo alinipata tarehe nane.

Ilikuwa saa nne asubuhi, napiga pasi sare za wateja. Mlango ulifunguka kwa teke. Mkono mmoja ameshika nondo, mwingine karatasi. Akasema, "Mke wangu, nimekwenda dukani kununua misumari ya inchi nne, nikakuta umefungiwa misumari." Akaibandika ile karatasi ukutani kwa mate ili niione vizuri. Picha yangu ya nusu uso, mtaa wangu, namba ya nyumba, na kutu ya misumari imenipitia shingoni.

Akaniambia niweke mkono wa kulia juu ya meza ya cherehani. Nikakataa. Akaniwekea yeye. Alipiga mara tatu. Ya kwanza niliisikia mkononi, ya pili na ya tatu nilizisikia kwa masikio tu. Alipoinua nondo kwa ajili ya kichwa, nikaishika pasi kwa mkono wa kushoto, imejaa makaa, nikamkandamiza nayo usoni. Nakwambia wewe kwa sababu nilikubeba mgongoni: sikuiondoa haraka. Ngozi ilichemka, naye akalia kama mtoto, na moyo wangu ukafurahi.

Jirani yangu muuza mkaa ndiye aliyekuja kumfunga kwa kamba za magunia. Sasa yuko rumande, jicho moja halifunguki. Mimi hospitali wamenikata vidole vitatu, na viwili vilivyobaki haviwezi kushika hata sindano. Umewahi kumwona fundi cherehani asiye na mkono wa kulia?

Nasikia serikali imetangaza fidia kwa atakayethibitisha ameumia. Nitadai. Karatasi ile ninayo, imekaa kwenye kopo la vifungo. Chini pembeni imeandikwa kwa herufi ndogo: Imechapwa na karani namba 14. Wewe uko mle ndani. Niambie huyo kumi na nne ni nani.

Dada yako

14 Aprili

Dada,

Shikamoo. Pole, na pole haitoshi. Barua yako niliisomea chooni ofisini. Ningempata Nyundo ningemmalizia hilo jicho la pili. Maumivu yamepungua? Kidonda hakitoi harufu?

Kuhusu fidia, nisikilize. Serikali ni sisi. Fedha watakayokupa ni kodi yako mwenyewe, inazungushwa tu kisha inarudi imepungua. Halafu fomu yenyewe, sehemu ya kwanza wanataka jina, picha, mtaa na namba ya nyumba. Unataka uandikwe tena? Na ile namba ni ya mashine tu, inajichapa yenyewe, usiisumbukie. Maji yakimwagika hayazoleki. Tibu mkono, dada yangu, mengine mwachie Mungu.

Nimekutumia dawa ya kidonda kwa kondakta wa basi. Ipake asubuhi na jioni.

Mdogo wako,
Wino

20 Aprili

Wino,

Marahaba. Dawa nimepata, asante. Inawasha kama upupu, kwa hiyo nadhani inafanya kazi. Chakula unapata huko? Ukiwa na woga huwa huli, nakujua.

Sasa nikujibu. Maji hayazoleki, sawa, lakini aliyeyamwaga hupewa tambara apige deki. Unasema serikali ni sisi. Basi mbona mkono uliosagwa ni wangu peke yangu? Ile fomu niliposoma sehemu ya anwani nilicheka mpaka muuza mkaa akaja kuniangalia. Nimejaza. Nyundo alishaijua nyumba hii, nimfiche nani tena?

Tumefikia wadai mia mbili kutoka miji mbalimbali. Yumo yule mzee uliyeniandikia, anazungumza kwa ufizi lakini anasikika. Yumo mama ambaye mwanawe alichomewa ndani na watu waliokuwa na kisasi na baba yake. Tarehe thelathini tunakuja ofisini kwenu kupeleka vielelezo. Mwanasheria wetu anasema karatasi yangu ndiyo ushahidi mkubwa kuliko yote, kwa ajili ya hiyo pembe unayoiita ya mashine.

Kikulacho ki nguoni mwako. Mle ofisini mna mtu anayejua, anakunywa chai na wewe kila siku. Nataka nimwone uso. Nikimwona sijui nitafanya nini, na sitaki kujua mapema. Wewe ulihisi mpaka ukaniandikia nihame, nami nasema huo ni moyo wa ndugu. Nisubiri getini siku hiyo.

Dada yako

27 Aprili

Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta nyumbani. Kama umeipata, kaa chini kwanza.

Kumi na nne ni mimi.

Pale ofisini tuna desturi niliyoikuta nilipoajiriwa. Karatasi zilizoharibika hatuzichomi. Kila Ijumaa zinakwenda duka la vifaa vya ujenzi kufungia misumari, na mwenye duka anatuletea sukari na majani ya chai. Mwezi Januari tulichapa daftari zima la mkoa, wino ukatoka hafifu, tukalichapa upya. Lile la kwanza lilikwenda dukani maboksi kwa maboksi. Hiyo ndiyo siri ya watu elfu arobaini. Bosi anajua. Kila mtu ofisini anajua.

Lakini karatasi yako wewe haikuwa ya daftari. Niliichapa mimi, peke yake. Nilikuwa nimekwenda kwa bosi kumwomba afunge faili lako ili mtu wa nje asilione, naye akataka maombi yawe na nakala. Nikachapa. Nusu ya uso wako ikatoka nyeupe. Nikachapa tena, ikatoka vizuri, nikafurahi. Ile ya kwanza nikaitupa kwenye boksi bila hata kuichana. Nilifanya hivyo kama ninavyofanya kila siku. Niliikumbuka mwezi wa tatu, nilipomwona Nyundo anatoka duka lile lile na kifungu cha misumari. Ndipo nikakuandikia uhame. Sikuwa na ujasiri wa kuandika sababu.

Nimekunywa ile chai, dada. Nimeinywa siku zote.

Ukitoa karatasi nzima nitafungwa, au watu watanimaliza kabla ya kufungwa. Ukikata ile pembe, sidhani watakulipa. Nimekaa na kalamu saa nzima nikitaka kukuomba uikate, nimeshindwa. Lakini usije tarehe thelathini kabla hujaisoma hii.

Mdogo wako

15 Mei

Wino,

Sikuulizi hali. Hali yako naijua: mbavu nne, taya, na mikono yote miwili. Muuguzi wa wodi yako ameniambia kupitia simu ya muuza mkaa, na atakusomea barua hii.

Barua yako niliikuta chini ya mlango niliporudi. Ilifika tarehe thelathini, mimi niliondoka na basi la ishirini na tisa.

Wewe ulikuwa chini, hukuona. Acha nikwambie nilivyoona mimi kutoka getini. Mimi ndiye niliyesoma ile pembe kwa sauti. Mimi ndiye niliyesema, "Kumi na nne atoke." Watu mia mbili wakapokea. Makarani walikuwa wamejipanga barazani, wote wakatazama sakafu. Wangeitazama mpaka jioni, maana kati yetu hakuna aliyejua kumi na nne ni nani, na bosi wako alikuwa ameshapitia mlango wa nyuma. Nikakuona katikati yao, umekonda. Ukainua mkono.

Nilidhani unanipungia. Nikakupungia na mimi, kwa mkono huu wa bendeji. Jiwe la kwanza likakupata mdomoni.

Nilipiga kelele kuwa huyo ni ndugu yangu mpaka sauti ikakauka. Mama mmoja akanishika mabega, akaniambia, "Tulia, tunakulipizia." Yule mzee asiye na meno alikuwa anakupiga mateke na viatu vyake vya ibada. Mtu mmoja alikuwa na nondo. Mlio wake nilishausikia, nikaziba masikio, na sikio moja halikuzibika kwa sababu vidole havipo.

Jana mwanasheria amekuja kuniuliza kama nafuta madai, kwa kuwa mhusika ni damu yangu. Sifuti. Wewe ulitupa karatasi moja, lakini maboksi yana wenyewe, na ile chai ina wanywaji wengi. Katika fomu kuna swali la mwisho: nani mwingine ameumizwa na upotevu huu? Watu wengi wanaliacha wazi, na mimi nililiacha pia. Nimekuandika wewe, na ile barua yako nimeiambatisha, nzima, na bosi wako humo ndani. Mwanasheria akanitazama sana. Nikamwambia aende nayo hivyo hivyo.

Sijakusamehe, na usiniharakishe. Usiku bado naiona ile karatasi ukutani, na siku hizi naona pia mkono wako uko juu.

Muuguzi anasema huwezi kushika kijiko na unakataa kulishwa na wageni. Jumamosi nakuja. Nitakumwagia uji kifuani, huu mkono wa kushoto bado haujazoea, kwa hiyo usilalamike.

Dada yako