Chamshakinywa cha Bwana Makopo

Kwa dada yangu mpenzi, Mwanaarusi binti Mbwana, Kipini.

Nakuamkia, dada yangu, wewe na wote walio nyumbani. Nataraji kifua cha mama kimepoa, na kwamba shemeji amesharudi kutoka Lamu na kitu mkononi, si maneno matupu kama safari ile. Yule mbuzi wako mweusi bado anatafuna mikeka ya majirani? Mimi mwili wangu ni mzima. Moyo ndio haujatulia, na sababu yake utaiona humu. Nakuomba usome peke yako kwanza, na mlango uufunge.

Unajua kwamba tangu nilipowaaga niko kwa yule Mzungu mnunuzi wa mpira, ule utomvu wa miti ya msituni, hapa ukingoni mwa mto, juu kidogo ya Garsen. Watu humwita Bwana Makopo, kwa kuwa chakula chake karibu chote hutoka ndani ya bati. Nyumba ni ya udongo, ua ni wa miiba, lango moja linatazama njia na mlango mdogo wa nyuma unashuka mtoni. Mimi ndiye mpishi wake, na kwa muda mrefu kazi ilikuwa nyepesi hata nikaanza kunenepa.

Asubuhi Bwana hataki uji wala mkate. Anataka kitu kimoja tu, na hicho ndicho kilichonitia katika haya yote, kwa hiyo niache nikueleze. Ana nafaka ya kwao iitwayo oti. Ukiiona utasema ni chakula cha punda. Nailoweka katika maziwa aletayo Kaltuma, mwanamke wa Kiorma, natia yai, samli, sukari na mdalasini mwingi. Chini ya sufuria napanga ndizi mbivu, na maembe yakiwapo naongeza maembe, kisha namimina na kupalia makaa juu na chini, kama tufanyavyo mkate wa kumimina hapo nyumbani. Kikiiva kimeumuka, kingo zimekauka na kuwa kahawia, na harufu yake inavuka ua na kufika njiani. Mwanzo nilikuwa nacheka peke yangu jikoni. Sasa hakuna wa kunishinda kukipika, na nasema hivyo bila haya.

Basi asubuhi moja Bwana alikuwa barazani anakila, akatokea mwanamke kutoka kwenye matete, amelowa mpaka kifuani, na vifundo vyake vya miguu vimechunwa na kamba. Jina lake ni Madina. Alikuwa ametoroka shamba la mabwana zake huko chini. Bwana akamsogezea sahani yake mwenyewe. Kabla hajaimaliza, nokoa wa shamba lile, yaani msimamizi wa watumwa, akafika langoni na watu wake wenye mapanga, akamdai. Bwana akachukua bunduki, akawaambia kwamba maadamu yeye anapumua, atakayevuka ule ua atazikwa palepale. Nokoa hakubisha. Alirudi nyuma kidogo, akakaa chini ya kivuli upande wa pili wa njia, na hajaondoka mpaka leo. Mmoja wa watu wake alimweka alinde njia ya mtoni.

Siku chache baadaye homa ikamwangusha Bwana. Nokoa alituona tukimwingiza ndani. Aliniita langoni akaniambia kwa upole, kama mtu anayeulizia bei ya samaki, kwamba homa ya mto huu haina haraka, naye hana haraka. Kama Mzungu atapona, wao watarudi kwao. Kama hataamka, wataingia wamchukue mwanamke, na mimi nitajua cha kunyamazia. Nilirudi jikoni nikapalia makaa.

Tangu hapo, dada, kila alfajiri yule mtu huchuchumaa na kuelekeza uso jikoni kwangu. Harufu ya mdalasini ikimfikia, huwageukia wenzake na kuwaambia kwamba Mzungu leo pia ana njaa. Kisha hukaa tena. Hakuna anayepika oti ila kwa ajili ya Bwana, na hilo wanalijua. Nikaona kuwa chakula changu ndicho komeo la lile lango, na siku kisipotoka Madina hana pa kukimbilia.

Mto nao umejaa, maji ni mekundu na yanapita na magogo. Kaltuma ameacha kuleta maziwa. Alinieleza mara ya mwisho, akisimama mbali, kwamba mumewe Guyo amemkataza, kwa sababu ng'ombe wao wakikaribia ua huu huinua pua na kugeuka, na Guyo anaamini pua za ng'ombe kuliko macho ya watu. Sasa naloweka oti kwa maji na tui la nazi.

Lakini nokoa ana macho makali kuliko ng'ombe. Bwana hakuwa akila zile kingo ngumu. Alizibakiza, nami nilizoea kuwatupia kuku pale langoni. Leo asubuhi nokoa akaniuliza mbona kuku siku hizi wanasimama langoni na kuondoka bure. Akauliza kama homa imempa Mzungu tumbo jipya. Nilisema mgonjwa anayeanza kupona hula sana. Alitabasamu, dada, na lile tabasamu silipendi hata sasa ninapoandika. Akasema vyema, basi kesho baada ya Mzungu kula, ataingia mwenyewe kumpa mkono, awe ameruhusiwa au la.

Sasa nikwambie lile ambalo sijamwambia yeyote. Bwana Makopo amekufa. Alikufa zamani, ile siku ya mvua kubwa ya mchana, wakati kila mtu amejikunyata na hakuna aliyesikia kitu kwa kishindo cha maji. Mimi na Madina tulichimba sakafu ya ghala, tukamlaza, tukarudisha udongo na kupanga juu yake masanduku ya makopo. Sikuzijua dua za dini yao, nikamsomea nizijuazo. Udongo wa hapa ni mwepesi na hatukuchimba chini vya kutosha. Nililia, maana hakuwa mtu mbaya, na kwa sababu nilijua kesho yake lazima nipike.

Nimepika tangu siku ile. Nafunika sahani kwa kawa, napita nayo mbele ya macho yao yote, nabisha hodi kwenye chumba kitupu, naingia. Madina ndiye anayekula. Anakila mpaka sahani inang'aa, kingo na yote, kwa kuwa hajapata maishani mwake kuachiwa chakula na akakibakiza. Nilimwona akifanya hivyo kila siku na sikuwaza kuku hata mara moja. Hata kama ningewaza, sidhani ningeweza kumwambia aache.

Leo Dhadho wa kijiji cha Chara ameleta ndizi kwa mtumbwi, kama kawaida yake, na kesho asubuhi anashuka. Nimemweleza, naye amekubali bila kuuliza mengi. Oti iliyobaki ni kidogo, lakini nitaipika yote kwa mkupuo mmoja katika sufuria kubwa, na ndizi zote na sukari yote. Nitaitoa mpaka langoni na kuwaambia ni sadaka, Bwana ameagiza walishwe walioko mlangoni kwake ili Mungu ampe afya. Sadaka ya mgonjwa hakuna Mwislamu atakayeisukuma, na hawa wana njaa, wamekuwa wakinusa chakula hiki siku zote bila kukionja. Nitamwita na yule wa mtoni. Nitawagawia mwenyewe, polepole, na kuwasimulia namna kinavyopikwa. Wakati huo mtumbwi utashuka, Madina akiwa amelala chini, juu yake mikeka na makanda matupu. Dhadho atapita mfereji wa Belezoni mpaka mto Ozi, na kutoka hapo kwenu si mbali.

Wakimaliza kula, watainuka.

Nilitaka kwenda naye. Dhadho anasema mtumbwi unatosha, na Madina amenisihi mpaka sauti imemkauka. Lakini asiponiona nokoa jikoni kwa dakika chache tu, atafika mtoni kabla hatujapita kona ya kwanza. Naogopa, dada yangu, sitaki kukuficha. Naogopa sana.

Huenda utasikia huko Kipini kwamba mpishi amemwua Mzungu wake na kumfukia chini ya makopo. Mwambie mama kwamba ni homa. Wengine waache waseme.

Nisalimie mama, umshike mkono kwa niaba yangu. Nisalimie shemeji na watoto, na jirani zetu wa pande zote mbili, hata yule anayetugombea mpaka wa kiwanja. Aliyekupa barua hii mkononi ndiye Madina. Nimemposa, naye amekubali, kwa hiyo aliyesimama mbele yako ni wifi yako. Mwingize ndani, umpe nguo zako, na mbele ya watu umwite mtoto wa shangazi. Usimwulize nilikuwa katika hali gani mara ya mwisho. Alikuwa amelazwa chini ya mikeka, hakuona kitu.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Shee bin Mbwana