Kabla ya Mkasi

Jumatatu, 3 Machi

Kantini tena. Chakula kipo mbele yangu, nikainamia begi kana kwamba natafuta kalamu, nikasali humo humo begini. Kimoyomoyo, mbio mbio. Jirani yangu wa dawati — tunamwita Redio kwa sababu hazimiki — akasema, jamani, huyu mwenzetu kila siku anapoteza kitu, na kila siku kinapotea saa ya kula! Meza nzima ikacheka. Nami nikacheka. Eti nikatoa kalamu kuwaonyesha! Aibu gani hii?

Bibi hakuwahi kusali begini.

Jumatano, 5 Machi

Baada ya shule nikapita kwa Shangazi, kwenye chumba cha ushonaji alichoachiwa na Bibi. Harufu ni ile ile: mafuta ya cherehani, chaki, pasi ya moto. Kiti cha Bibi bado kina mto wake wa viraka. Nikaukalia. Pua ikaanza kuwasha, nikasingizia vumbi.

Bibi alikuwa na utaratibu wake. Akishapima na kuchora, anaweka mkasi mezani — ko! Ukisikia hiyo ko, stori zote basi. Anaweka kiganja juu ya kitambaa na kumwombea atakayekivaa. Kwa sauti, kwa jina lake, mwenyewe akiwa pale pale na benchi limejaa wateja! Mlinzi, bibi harusi, hata yule mama aliyekuja juu kwa sababu ya mikono kubana. Mimi nilishika upande wa pili kitambaa kisiteleze, na kusema Amina. Nikinong'ona, ananikata jicho: sijasikia mimi, na mwenye nguo hajasikia! Siku moja nikamuuliza, kwa nini usisali tukimaliza? Akasema, kikishakatwa vibaya utaomba nini, kiraka?

Tangu tumzike, Shangazi anachora, anakata, kwisha.

Basi leo akaja Nesi. Bibi ndiye aliyemshonea yunifomu zote, tangu ya kwanza. Ameumwa miezi mingi, amekonda, ile ya zamani inamning'inia kama imeanikwa. Jumatatu anarudi wodini na anaogopa — alisema hivyo hivyo, bila kuzunguka: naogopa, mwanangu. Shangazi akampima. Alipougusa tu mkasi, Nesi akamshika mkono. Bado, dada. Mama yenu hakunikatia hivi.

Shangazi akatazama dirishani. Halafu akasema, njoo Jumamosi. Huyu mtoto atakuombea, yeye ndiye aliyeshika kitambaa miaka yote.

MIMI?!

Alhamisi, 6 Machi

Nilimvaa Shangazi. Shangazi, mbona umenitwisha? Wewe ndiye mkubwa! Akaendelea kutunga uzi kwenye sindano, ukakataa kuingia, akajaribu tena, ukakataa. Akasema yeye alijaribu mara moja tu, wiki ile ya msiba, juu ya hariri ya watu. Alipoweka mkono pale, sala haikutoka. Machozi yakamwagika kwenye hariri na mwenye kitambaa akakichukua, akaondoka. Wewe, akasema, angalau Amina yako ilikuwa inatoka.

Nikamtungia uzi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimejaribu chooni, mbele ya kioo. Kwa Kiingereza inatiririka, kama ile sala ya paredi shuleni, maana pale sisemi mimi, nakariri. Kwa Kiswahili cha Bibi nimefika "Baba" nikakwama. Kaka akagonga mlango: unaongea na nani humo, ndoo?

Na kama haitoshi — Redio kachana zipu ya sketi. Kesho asubuhi anakuja nayo kwa Shangazi. Redio! Jumatatu shule nzima itakuwa imesikia.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa kwenye kiti cha Bibi, daftari gotini. Kitambaa cheupe kimetandazwa, chaki imepita. Nesi kaingia sasa hivi na mwavuli unaochuruzika. Kaniuliza, umelala, mwanangu? Nikasema ndiyo. Uongo. Akasema, mimi sikulala.

Redio yuko benchi, kajifunga khanga ya Shangazi, anamsimulia kila mtu maisha ya zipu yake. Nilidhani Shangazi angemshonea haraka aondoke. Wapi! Ameiweka sketi chini kabisa ya rundo. Makusudi, namjua.

Shangazi amenisukumia mkasi. Mzito kuliko nilivyoukumbuka. Mpini wa juu umelika pale kidole gumba cha Bibi kilipokaa, na changu kimeingia pale pale. Naogopa. Lakini Nesi naye anaogopa, na hakujificha.

Nimeuweka mezani.

Ko!

Redio amekatia neno katikati. Cherehani imenyamaza. Shangazi amekuja kushika upande wa pili, ule uliokuwa wangu. Nesi ameshafumba macho, ananingoja. Kalamu leo haijapotea, iko hapa mkononi, na mkono ndio unaotakiwa juu ya kitamb—